Waliokula Mbuzi wa Rekodi

Mtu wa kwanza kumwambia Nzuki kwamba anamwiga Josphat vizuri alikuwa bwana harusi mmoja wa Kithimani, na alimwambia kwa nia njema kabisa. "Umejaribu," alisema huku akimpa soda. "Lakini Josphat mwenyewe ako na sauti tamu zaidi." Nzuki aliinywa ile soda. Angefanya nini? Wimbo ulikuwa wake, sauti ilikuwa yake, gitaa lilikuwa lake ukiondoa nyuzi mbili za kuazima, na huyo Josphat aliyekuwa akisifiwa hakuwahi kuimba popote, hata kanisani, ambako hata wasiojua huruhusiwa.

Tusimlaumu bwana harusi. Lawama zote ni za Nzuki na mdomo wake. Wimbo wenyewe uliitwa "Salamu za Yatta", na ulirekodiwa mwaka wa 1996 katika studio ya Josphat mjini Machakos. Nasema studio kwa heshima tu. Kilikuwa chumba nyuma ya duka lake la kutengeneza redio, na kutani alikuwa ametundika magodoro matatu ili kelele za nje zisiingie. Sasa, kila mtu anajua nyimbo zetu za Ukambani zilivyo: mwimbaji husalimia watu kwa majina, na lazima ajitaje na yeye, ili msikilizaji ajue anayemfurahisha ni nani. Nzuki alimsalimia Isak, mfanyabiashara wa mifugo aliyewadhamini, mara tisa. Alimsalimia Josphat mara nne. Alimsalimia Wanza mwenye hoteli mara mbili, na mwenye kinu cha kusaga mahindi, na fundi wa viatu ambaye hata hakuwa akimpenda. Ilipofika zamu yake mwenyewe, wimbo ukaisha.

Kaseti ikatoka. Juu ya jalada kukawa na uso wa Josphat, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, kwa sababu kamera ilikuwa yake na karatasi ya jalada ilikuwa yake. Chini ya kidevu chake pameandikwa JOSPHAT kwa herufi zinazoweza kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo redioni, harusini, hata kwenye foleni ya maji, watu walikubaliana kwamba Josphat anaimba kama malaika.

Hayo yote Nzuki angeyameza kama alivyoimeza soda. Lililomkaa kooni lilikuwa nyumbani kwao Kivaa. Mama yake, Kalondu, aliinunua kaseti hiyo kwa pesa za kuku wawili, akaikata ile picha ya Josphat kwenye jalada, akaitundika ukutani kando ya kalenda ya kanisa. Kila Nzuki alipokwenda kumsalimia alikaribishwa na miwani ya Josphat.

"Mwaitu," alimwambia siku moja, kama kwetu tunavyoita mama, "huyo anayeimba ni mimi."

Kalondu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "Wewe? Mwanangu, wewe hata ukiita ng'ombe zinakimbia. Acha hizo kelele zako, ukae karibu na huyu kijana akufundishe."

Basi Nzuki, fundi baiskeli, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, hakutaka utajiri wala umaarufu. Alitaka Josphat ateremke kwenye ukuta ule na yeye apande. Ni jambo dogo, utasema. Hujakaa kwenye kiti cha mama yako ukanywa chai huku ukitazamwa na mwizi wako.

Mwaka wa 2004 akaja mama mmoja kutoka Nairobi, Bi Mbinya, mwenye mkoba mzito na haraka nyingi. Kampuni yake ilikuwa ikikusanya nyimbo za zamani ili izitoe upya kwenye sidii, na ilitaka "Salamu za Yatta" uwe wimbo wa kwanza. Jaladani wangeweka jina na picha ya mwenye rekodi. Lakini lazima awe mtu mmoja, atie sahihi, na akabidhi ile masta, yaani ule utepe mkubwa ambao kaseti zote hunakiliwa kutoka kwake.

"Mwenye rekodi ni nani?" akauliza.

"Ni mimi," wakajibu watu watatu.

Josphat alisema mashine yake, utepe wake, stima yake, magodoro yake. Isak alisema yeye ndiye aliyelipia studio, na kama wimbo si wake, mbona unamtaja mara tisa? Nzuki alisema yeye ndiye aliyeutunga na kuuimba, na sauti yake ikapanda juu sana alipokuwa akisema hivyo, hata Bi Mbinya akamtazama kwa mashaka.

"Mko na karatasi ya mkataba?" Bi Mbinya akauliza.

Karatasi haikuwapo. Kulikuwa na mbuzi.

Mwaka ule wa 1996 Isak hakulipa studio kwa fedha. Alileta beberu mmoja mnono kutoka soko la mifugo la Kithimani, akamkabidhi Josphat mlangoni, na mbuzi akachinjwa siku ile ile na kuliwa na waliokuwapo. Kwetu mambo ndivyo yanavyofungwa. Karatasi inaliwa na mchwa, lakini mbuzi akishaliwa na wenyewe, nani atasema hakuwapo? Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu Josphat aliposema kwamba jambo hilo lipelekwe kwa Mzee Bartholomew.

Bi Mbinya aliangalia saa yake. "Jumamosi nitarudi. Mkiwa bado mnavutana, nitachukua wimbo wa bendi nyingine. Niko na orodha ndefu."

Mzee Bartholomew alikuwa mwenyekiti wa soko. Kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa nyama kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi ile ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Aliamini kwamba hakuna kesi duniani isiyoweza kuamuliwa kwa kuuliza nani alikula nini. Alishaamua mzozo wa mpaka wa shamba kwa kufuata shingo ya kondoo. Hakuwa na hekima zaidi ya wengine. Alikuwa na daftari tu, na hakuwa na aibu.

Jumamosi asubuhi wakakutana kwenye hoteli ya Wanza, mlango wa pili kutoka dukani kwa Josphat. Isak alikuja na mbuzi kabisa, akamfunga nje, kwa kuwa hukumu bila mbuzi haishiki, na pia kwa kuwa alikuwa na hakika ya kushinda. Bi Mbinya alikaa pembeni na mkoba wake mapajani. Nzuki hakuwa ameonja chochote tangu jana yake, maana chai ya asubuhi ilimkataa.

Kisha akaingia mtu ambaye Nzuki hakumtazamia. Alikuwa ni Kalondu, mama yake, katika nguo za kanisani, kilemba kikiwa kimepigwa pasi. Moyo wa Nzuki ukaruka kwa furaha. Mwaitu amesafiri kutoka Kivaa kuja kunitetea! Akainuka ampishe kiti.

Kalondu alimpita kama anavyopitwa mtungi mtupu, akaenda moja kwa moja kwa Josphat, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Niliskia utakuwa hapa," akasema. "Nikasema lazima nikuone na macho yangu. Ubarikiwe, mwanangu. Iyo sauti yako imenitoa kwa ugonjwa mbili."

Josphat, msijidanganye kwamba aliona haya. "Asante, mama," akasema. "Ni kipaji tu."

Nzuki akakaa tena. Kilichomuuma kifuani siku ile hakina jina, lakini kila aliyewahi kuwa mtoto wa mtu anakijua.

Mzee Bartholomew akafungua daftari na kulamba penseli. "Tuanze juu tukienda chini. Kichwa kilikuliwa na nani?"

Wote wakamgeukia Wanza, kwa kuwa ndiye aliyempika mbuzi yule. Wanza alikuwa akisahau siku ya kuzaliwa kwa watoto wake, lakini chakula alichopakua hakukisahau kamwe.

"Kichwa ni Josphat," akasema. "Na supu yake. Na akaramba sufuria."

"Kichwa ndio uongozi," Josphat akaharakisha kusema. "Andika hiyo, mzee."

"Paja?"

"Paja la kulia ni Isak. La kushoto pia Isak."

"Wallahi, ni kweli," akasema Isak. "Mbuzi ilikuwa ya Kithimani, ilikuwa na mafuta."

"Maini?"

Maini yalikwenda kwa Muema, mpiga besi, ambaye baadaye aliokoka na kuacha muziki wa dunia. Alikuwa ametuma barua kusema kwamba hataki chochote katika wimbo ule, na kwamba anatubu dhambi zake zote za miaka hiyo isipokuwa yale maini. Mbavu alikula mpiga ngoma, aliyekuwa amehamia Mombasa. Matumbo alikula Wanza mwenyewe. Shingo alipewa jirani aliyewaazima kisu. Mkia ulichukuliwa na mbwa, na Mzee Bartholomew akamwandika mbwa, kwa sababu daftari halina upendeleo.

"Na figo?"

"Figo mbili," akasema Wanza. "Moja Josphat. Ingine Josphat."

Mzee akahesabu safu yake. Akahesabu tena. "Hapa sioni Nzuki."

Wanza akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Nzuki hakula," akasema hatimaye.

"Hata mfupa?"

"Hata mfupa. Alikuwa ndani anaimba."

"Nilikuwa ndani kwa sababu Josphat aliniambia nirudie!" Nzuki akapaza sauti. "Mara ya kwanza ile mbuzi ililia katikati ya wimbo. Wakaenda kuichinja, na ilipokuwa motoni Josphat akaniambia nirudie sauti peke yake. Nilipotoka nikapata mifupa na kwato!"

Penseli ikaandika polepole: Nzuki, hakuna. Josphat aliinuka, akarekebisha ukosi wake.

"Mzee, mimi si mtu wa maneno mingi. Lakini tujiulize. Mambo ilifungwa na mbuzi. Mwenye hakukula ile mbuzi hakukuwa kwa mambo. Hata ile mbwa iko na haki kuliko Nzuki."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ni jambo la kutisha kuona watu wazima, wenye akili zao, wanakubaliana kwamba mbwa ana sehemu katika wimbo na aliyeuimba hana. Lakini hesabu ilikuwa imetimia na hakuna aliyeona kosa lilipo. Bi Mbinya akatoa orodha yake mkobani, akaanza kuipitia kwa kidole.

Kalondu akamtikisia mwanawe kichwa. "Nilikuambia usijipendekeze kwa kazi ya wenyewe."

Hapo Nzuki akawaka. Watu wapole wakiwaka huwa hawajui pa kuupeleka ule moto, na yeye aliupeleka kwenye jambo la kwanza lililomjia. "Leteni hiyo masta! Mnagawana kitu hata hamjaskia. Leteni tuskie!"

"Itaharibika," Josphat akasema upesi. "Ni kitu ya zamani."

"Mimi lazima niisikie kabla ya kuichukua," akasema Bi Mbinya. "Isipocheza, haina faida kwangu."

Josphat akaenda dukani, akarudi akiwa amebeba mashine kifuani, uso umemkunjamana. Akaifunga ile masta mashineni. Magurudumu mawili yakaanza kuzunguka, na "Salamu za Yatta" ukaijaza hoteli. Niseme ukweli, ulikuwa wimbo mzuri. Wanza aliacha kufuta. Isak alihesabu jina lake kwa vidole mpaka tisa. Kalondu alifumba macho na kumpapasa Josphat bega, na kila alipompapasa, Nzuki alikuwa akijikunyata kidogo zaidi kwenye kiti.

Wimbo ukaisha. Kwenye kaseti huwa umekatwa hapo hapo, na hakuna mtu aliyewahi kusikia zaidi. Josphat akanyoosha mkono azime mashine.

"Ngoja," akasema Bi Mbinya. "Bado inazunguka."

Kwanza palikuwa kimya. Kisha kwa mbali zikasikika sauti za watu wanaocheka nje, na sahani zikigongana. Ndipo sauti ya mwimbaji ikaja, karibu sana, bila gitaa.

"Josphat? Imeshika?"

Kimya.

"Josphat, nirudie ama imeshika? Wee Josphat! Uko wapi?"

Kiti kikasikika kikisukumwa, na mlango ukagongwa kwa ndani.

"Umenifungia! Josphat! Mnakula? Aiya, hawa wanakula! Wanza! Niwekee figo! Figo moja tu, Wanza! Hata nusu! Mwaitu wee! Mwaitu wee, wananimalizia nyama!"

Halafu kilio. Hakikuwa cha kuigiza, wala hakikuwa cha mtu mzima. Kilipanda, kikakatika kwa kwikwi, kikapanda tena. Utepe ukaisha, ukawa unapiga pa, pa, pa kwenye gurudumu.

Kalondu alikuwa amefumbua macho.

"Rudisha nyuma," akasema.

Josphat hakujongea. Bi Mbinya akarudisha mwenyewe. Kilio kikachezwa tena.

"Tena."

Kikachezwa mara ya tatu. Kalondu akauondoa mkono wake begani kwa Josphat polepole, kama mtu aliyegundua ameegemea rangi mbichi.

"Huyo ni Nzuki," akasema. "Huyo ni mtoto yangu. Ivyo ndivyo alilia siku ya ubatizo wa Kasyoka dada yake, akipata sahani imebaki tupu. Hakuna mtu mwingine dunia nzima analilia nyama ivyo. Hata siku nilimzaa alilia ivyo ivyo." Akamgeukia Josphat na kumtazama kuanzia viatu mpaka miwani. "Na wewe uliimba wapi? Mdomo yako si ilikuwa na figo mbili na kichwa?"

"Mama, mimi nilikuwa fundi wa—"

"Fundi ako nje anakula, mashine inajiendesha! Ukamfungia mtoto wa watu na njaa! Leo nikifika nyumbani unashuka ukutani, wewe na miwani zako. Nitawashia moto wa chai na wewe."

Nzuki alikuwa ameshikwa na aibu na furaha kwa pamoja, na vitu hivyo viwili havikai vizuri katika uso mmoja. Kwa miaka minane aliimba kwa ufundi wake wote na mama yake hakumtambua. Akatambuliwa kwa kulilia figo.

Mzee Bartholomew alikuwa bado anaitazama safu yake. Aligeuza daftari juu chini. Akalamba penseli. Kisha akagonga meza mpaka chumvi ikaruka.

"Nilikuwa nasoma vibaya," akasema. "Miaka yote kule machinjioni, nani alipewa nyama? Si mfanyakazi, jioni, kama kazi imeisha? Nyama ni malipo. Mwenye amekula amelipwa. Amelipwa, achukue kofia yake, aende kwao. Josphat, ulilipwa kichwa, supu, figo mbili. Uko na deni gani na hii wimbo? Isak, ulileta mbuzi ukarudishiwa mapaja mawili. Mbwa imelipwa. Wote hapa wamelipwa, na wote wamemaliza." Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Mmoja tu hajalipwa. Kwa hivyo ni mmoja tu bado ako na mali yake mkononi."

Isak akacheka kicheko kikubwa, akampiga Nzuki mgongoni. "Wallahi hiyo ni haki. Siwezi kula paja mbili alafu nidai na wimbo. Chukua, ndugu yangu. Jina langu iko ndani mara tisa, inanitosha."

Josphat alianza kusema juu ya stima. Wanza akamkumbusha sufuria aliyoiramba.

Bi Mbinya akatandaza karatasi zake, lakini Mzee Bartholomew akamzuia kwa kiganja. Hukumu haijafungwa, alisema, na hakuna sahihi juu ya hukumu iliyo wazi. Kwa hiyo mbuzi wa Isak akachinjwa, Wanza akachochea makaa, na harufu ikaanza kuingia hotelini. Tumbo la Nzuki likajibu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Ya kwanza kuiva ilikuwa figo. Mzee Bartholomew mwenyewe akaiweka kwenye sahani, akainyunyizia chumvi, akamletea Nzuki mbele ya watu wote.

"Haya, mwanangu. Miaka minane umeingojea. Kula, tufunge."

Mafuta yalikuwa bado yakichemka pembeni mwa figo ile. Nzuki akanyoosha mkono.

"Kula, ndugu yangu," akasema Josphat kwa upole mkubwa. "Kula ushibe. Nakuombea."

Mkono wa Nzuki ukasimama hewani. Katika miaka yote ya kufahamiana kwao, Josphat hakuwahi kumsihi mtu yeyote ale. Nzuki akaitazama figo. Akamtazama Josphat, aliyekuwa ameinama mbele, midomo imemkauka. Akaitazama masta juu ya meza. Mwenye amekula amelipwa. Akatia mkono mfukoni.

"Asanteni," akasema. "Nimeshiba."

Tumbo lake likamkana papo hapo.

"Mtu lazima ale!" Mzee Bartholomew akashangaa. "Hii ni hukumu, si maonyesho!"

"Leta hapa," akasema Kalondu. Akaivuta sahani, akaichukua figo na kuitia kinywani yote, mbele ya mwanawe aliyekuwa akimeza mate. "Mimi nadai nini? Mimi sikuimba. Mimi ni mama yake tu." Akatafuna bila haraka. Nzuki akatia sahihi, herufi moja baada ya nyingine, na Bi Mbinya akampiga picha akiwa amebonyea mashavu kwa njaa.

Kalondu akajifuta vidole kwenye leso. Akakivuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya mwanawe.

"Haya," akasema. "Imba."

Nzuki akachukua gitaa. Wengine walikuwa wanakula na hawakusikiliza sana. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa wazi.